Uduvi Wanaopima Sumu: Somo Kuhusu Dawa za Miti Shamba na Kipimo Chake

  

Ndugu wanafunzi na wazazi wapenzi, katika somo letu la mwaka huu tumeona ni vyema tukazungumzia jambo lililomo ndani ya kila nyumba, nalo ni dawa za miti shamba. Hakuna mtoto miongoni mwenu ambaye hajawahi kushikwa kichwa na bibi yake akanyweshwa kitu kichungu: mwarobaini kwa ajili ya homa, mizizi iliyochemshwa kwa ajili ya tumbo, mafuta ya habbat soda kwa ajili ya kifua. Hatuyataji haya kwa kuyabeza. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kujitibu na akatufahamisha kwamba maradhi yana tiba yake, na wazee wetu wamerithishana elimu kubwa ya mimea ambayo laiti tungeiandika mapema.

Lakini kuna neno moja tunalolisikia kila siku ambalo linatutia hofu. Neno lenyewe ni hili: "Hayo ni majani tu, hayana madhara." Je, ni kweli? Mbarika unaota kando ya uzio wa nyumba nyingi, na mbegu zake zina madoadoa mazuri ambayo watoto hupenda kuchezea. Ndani ya mbegu hizo mna sumu iitwayo risini, na punje chache tu zikitafunwa zinaweza kumuua mtoto. Mnanaha nao ni majani tu, na aliyeula huchanganyikiwa akaona visivyokuwepo. Hata mwarobaini tunaousifu una upande wake wa pili. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika habari za watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu za mwarobaini kama dawa ya nyumbani, wakatapika, wakapoteza fahamu na wengine kupata degedege. Katika visa vya namna hiyo kifo pia kilitokea. Mti ni ule ule, mama aliyempa mtoto wake alimpenda, na nia ilikuwa njema.

Hivyo basi swali si kama mmea ni wa asili au si wa asili. Swali ni: una nini ndani yake, na kwa kiasi gani? Wataalamu wana njia nyingi za kulijibu swali hili, na nyingi zinahitaji mashine za bei kubwa. Ipo moja, hata hivyo, ambayo ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaweza kuielewa hatua zote. Njia hii hutumia uduvi.

Uduvi gani hawa?

Si wale tunaowanunua sokoni kwa kopo na kupikwa kwa nazi, ingawa wana undugu nao. Hawa jina lao la kitaalamu ni Artemia, nao huishi katika maziwa na mabwawa yenye chumvi kali mno, mahali ambapo samaki wa kuwala hawawezi kuishi. Ziwa mashuhuri la uduvi hawa ni lile la chumvi lililoko Utah, Marekani, ambako mayai yao huvunwa na kuuzwa dunia nzima kwa wafugaji wa samaki. Kwetu Afrika Mashariki, katika miaka ya 1980 walipandikizwa kwenye mashamba ya chumvi ya pwani ya Kenya, upande wa Gongoni karibu na Malindi.

Ajabu yao kubwa iko kwenye yai. Maji yanapokauka, yai hukauka nalo likawa kama vumbi la kahawia, na likihifadhiwa pakavu pasipo hewa linaweza kukaa miaka bila kufa. Gramu moja ya vumbi hilo ina mayai zaidi ya 200,000. Ukilitia katika maji ya chumvi yenye joto la kawaida, baada ya siku moja au mbili maji yanajaa vitoto vinavyoogelea. Subhanallah! Mwenye kusoma habari za ardhi iliyokufa kuhuishwa kwa mvua na atazame kopo la mayai haya.

Kitoto kinapoanguliwa kina urefu wa takribani nusu milimita. Rangi yake inaelekea chungwa, kina jicho moja tu, na hukimbilia kwenye mwanga. Tena siku yake ya kwanza hakihitaji kulishwa, kwani kimetoka na chakula cha akiba ndani ya mwili. Sifa hizi zote, kama tutakavyoona, ndizo zilizowafanya wataalamu wakipende.

Jaribio linavyofanyika

Uduvi walikuwa wakitumika kupima sumu za wadudu tangu miaka ya 1950. Ama kuhusu kupima mimea, njia inayofuatwa zaidi ni ile iliyoandikwa mwaka 1982 na B. N. Meyer na wenzake, akiwemo Jerry McLaughlin, katika Chuo Kikuu cha Purdue huko Indiana, Marekani. Walikuwa wakitafuta mimea inayoweza kutoa dawa, hasa dawa za saratani, na walihitaji njia ya kuchuja mimea mingi kwa haraka, kwa gharama ndogo na bila kuua panya kwa mamia.

Kwanza huandaliwa mmea. Majani, magome au mizizi hukaushwa kivulini, husagwa kuwa unga, kisha unga hulowekwa katika alkoholi ili vilivyomo ndani vitoke. Maji yake huchujwa, na alkoholi hufukuzwa kwa joto dogo mpaka kinabaki kitu kizito kama lami au asali nyeusi. Hicho ndicho tutakachokiita kiini cha mmea. (Mwanafunzi atakayeuliza hukumu ya alkoholi ya maabara ameuliza swali zuri, lakini lina maelezo marefu na mahali pake ni darasa la fiqhi.)

Wakati huo huo mayai ya uduvi yametiwa kwenye chombo chenye maji ya chumvi, gramu 38 za chumvi ya bahari kwa kila lita. Chombo hicho kina ukuta katikati wenye matundu madogo. Upande mmoja umefunikwa uwe giza na upande wa pili una taa. Mayai humwagwa gizani. Vitoto vikianguliwa hupita kwenye matundu kuifuata taa, na maganda hubaki nyuma. Hakuna haja ya kuchambua kwa mkono, kwani vyenyewe vimejichambua.

Sasa inakuja sehemu ambayo wengi huharibu kwa haraka, nayo ni kupima kiasi. Miligramu 20 za kiini huyeyushwa katika mililita 2 za kimiminika. Kutoka hapo huchukuliwa kiasi tofauti na kutiwa katika vichupa, kisha kila kichupa hujazwa maji ya chumvi mpaka mililita 5. Kichupa kilichopata nusu mililita kitakuwa na mikrogramu 1000 za kiini katika kila mililita ya maji, yaani sawa na gramu moja ndani ya lita moja. Kilichopata sehemu ya kumi ya hapo kitakuwa na 100, na kilichopata sehemu ya mia kitakuwa na 10, sawa na gramu moja ndani ya lita 100. Kila kiwango huwekewa vichupa vitatu, na kila kichupa hutiwa vitoto 10 vya uduvi.

Pembeni huwekwa vichupa vingine ambavyo vina kila kitu isipokuwa kiini cha mmea. Hivi ni vichupa vya ushahidi. Uduvi wa humo wakifa wengi, ujue maji au kimiminika ndicho kilichowaua, na jaribio zima halina thamani hata likiwa na majibu ya kupendeza. Tungependa mwanafunzi alitilie maanani jambo hili hata nje ya maabara. Mtu akisema "nilikunywa dawa fulani nikapona mafua kwa siku saba", muulize kichupa chake cha ushahidi kiko wapi, kwani mafua mara nyingi huondoka kwa siku saba bila dawa yoyote.

Vichupa huachwa saa 24 chini ya mwanga. Kisha huhesabiwa walio hai na waliokufa kwa kioo cha kukuzia. Asiyetikisika hata kidogo kwa sekunde kadhaa huhesabiwa kuwa amekufa.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kutuuliza kama si dhambi kuwaua viumbe hawa. Uislamu umetukataza kumwadhibu mnyama na kumuua kwa mchezo, na katazo hilo hatulipunguzi kwa sababu mnyama ni mdogo. Lakini hapa pana haja ya kweli, nayo ni kumkinga binadamu, na idadi ni ndogo kuliko walio katika kijiko kimoja cha mchuzi.

Hesabu yake

Kinachotafutwa ni kiwango kinachoua nusu ya uduvi kwa saa 24. Katika vitabu huandikwa kwa herufi LC na tarakimu 50. Tuchukue mfano wa kujifunzia, si matokeo ya mmea wowote. Katika kiwango cha 10 wamekufa 3 kati ya 30, katika 100 wamekufa 9, katika 1000 wamekufa 27. Kwa asilimia ni 10, 30 na 90. Nusu iko mahali fulani kati ya 100 na 1000.

Chora mstari wa chini na uweke 10, 100 na 1000 kwa nafasi zinazolingana, tuseme sentimita 6 kila nafasi. Mstari wa kusimama uwe wa asilimia ya waliokufa. Unganisha nukta ya 30 na nukta ya 90. Utaona mstari wako unakutana na asilimia 50 sentimita 2 baada ya 100, yaani theluthi ya njia. Sasa, katika mchoro huu kila theluthi ya nafasi ni kuzidisha kwa 2.15, kwa sababu 2.15 ikizidishwa mara tatu kwa yenyewe inakaribia 10. Jibu ni kama 215. Wataalamu hutumia njia ndefu zaidi iliyoelezwa na Finney katika kitabu chake cha mwaka 1947, na siku hizi kompyuta huifanya kwa dakika moja, lakini msingi wake ni huu.

Meyer na wenzake waliweka mpaka wa 1000. Kiini kinachoua nusu chini ya kiwango hicho huhesabiwa kuwa kina nguvu. Na hapa wanafunzi huteleza: namba ndogo ndiyo sumu kali, si namba kubwa. Kitu kiitwacho podofilotoksini, kinachotoka katika mzizi wa mmea mmoja wa Amerika ya Kaskazini, kiliua nusu ya uduvi kwa mikrogramu 2.4 tu. Msikimbie kukilaani, kwani kutokana na kitu hicho hicho imetengenezwa dawa ya saratani inayotumika mahospitalini hadi leo. Vilevile lile ua dogo jeupe au la waridi linaloota kandokando ya nyumba zetu za pwani, ambalo asili yake ni Madagaska, ni sumu. Na ndani yake imepatikana dawa inayotibu watoto wenye saratani ya damu. Daktari hupima tone baada ya tone, kwa uzito wa mgonjwa, huku akichunguza damu yake.

Kikombe cha kahawa

Katika orodha ya mwaka 1982 mlikuwemo pia kafeini, ile inayopatikana ndani ya kahawa na chai. Iliua nusu ya uduvi kwa kiwango cha mikrogramu 306. Tufanye hesabu. Kikombe cha mililita 200 chenye miligramu 100 za kafeini kina mikrogramu 500 katika kila mililita. Maana yake, uduvi ukimtia ndani ya kahawa ya barazani hafiki kesho, na wazee wetu wanaikalia kila jioni na kuondoka wakiwa wazima.

Ni kwa nini? Uduvi anaogelea ndani ya dawa mchana na usiku. Sisi tunakunywa, tumbo linafanya kazi yake, ini linavunja, figo zinatoa. Hivyo jaribio hili halituambii kwamba mtu atadhurika. Linatuambia kwamba ndani ya mmea mna kitu chenye nguvu juu ya kiumbe hai, na kwamba inafaa usimame na kuuliza zaidi kabla hujaendelea.

Tena halipangi sumu kwa daraja linalotufaa sisi. Katika orodha ile ile strikinini iliua nusu kwa takribani 77. Ukilinganisha na kafeini, kwa uduvi imezidi ukali mara nne tu. Lakini kwa binadamu, miligramu 100 za kafeini ni kikombe cha asubuhi, na miligramu 100 za strikinini zinaweza kumuua mtu mzima. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliliona hili zamani. Katika Al-Qanun aliweka masharti ya kuijaribu dawa, na mojawapo ni kwamba majaribio yafikie mwili wa binadamu, kwani kilichoonekana kwa simba au farasi huenda kisiwe hoja kwa mtu. Sembuse uduvi!

Lipo na jingine ambalo saa 24 haziwezi kulionyesha. Huko Brussels, Ubelgiji, kati ya mwaka 1990 na 1992, wanawake waliokuwa wakitumia vidonge vya mimea ya Kichina ili wapunguze unene walianza kupoteza figo zao. Baadaye ilikuja kujulikana kwamba mmea wa jamii ya Aristolochia uliingizwa humo badala ya mwingine wenye jina la Kichina linalofanana nao. Wagonjwa walizidi 100, na baadhi yao baadaye walipata saratani ya njia ya mkojo. Dawa waliinywa kwa miezi bila kuhisi lolote. Kwa hiyo mtu asije akasema, "Mmea wetu umepita kwa uduvi, basi ni salama." Waliokufa ni ushahidi wa kuonya, lakini waliopona si cheti.

Hapa kwetu Tanzania

Njia hii si ya Wamarekani peke yao. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianzishwa idara ya utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, ambayo mwaka 1991 ikawa Taasisi ya Tiba Asili. Profesa Mainen Moshi na wenzake wa hapo wameipima kwa uduvi mimea mingi inayotumiwa na waganga wetu, na mwaka 2004 walichapisha matokeo ya baadhi yake. Kinachotupendeza katika kazi yao ni mwanzo wake. Walianza kwa kwenda kwa waganga na kuwauliza, na mmea ukichumwa sampuli yake hukaushwa na kuhifadhiwa kwa jina lake kamili, ili asije mtu akapima mmea mmoja na kusifia mwingine. Jina moja la Kiswahili huweza kubeba miti miwili tofauti kutoka Tanga hadi Lindi, na yaliyotokea Brussels yalianzia hapo hapo kwenye jina.

Mmea ukionekana una nguvu kwa uduvi, hupelekwa kwenye majaribio mengine: kwa vimelea vya maradhi, kwa seli, kwa panya, na mwishowe, kwa idhini na uangalizi, kwa watu. Safari hiyo ni ya miaka. Uduvi ni mlango tu.

Nyumbani je?

Hatutarajii mzazi afuge uduvi. Wala wanafunzi wasije wakajaribu kukamua mbarika au mnanaha nyumbani kwa sababu ya makala hii. Kazi hiyo ni ya maabara na mbele ya mwalimu. Lakini maswali ya vichupa vile mzazi anaweza kuyauliza bila maabara. Anayekupa dawa mwulize ni mmea gani hasa, ni sehemu gani ya mmea, kijiko kingapi, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi. Mwulize kama inamfaa mjamzito, na kama imewahi kupewa mtoto wa umri wa huyu wako. Akijibu "kunywa tu mpaka utakapojisikia vizuri", hajakupa kipimo. Dini yetu imemwajibisha anayetibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, kwamba akidhuru atabeba dhamana ya alichokiharibu. Na sheria ya nchi, ile ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, imeweka Baraza linalosajili waganga, hivyo si utovu wa adabu kumwuliza mganga cheti chake.

Ukienda hospitali usifiche kuwa umekunywa miti shamba, hata daktari akikukunjia uso. Na ikitokea mtoto amekula mbegu au majani asiyoyajua mtu, akaanza kutapika au kulewa, asipewe maziwa wala mafuta ya kumtapisha. Akimbizwe hospitali, na tawi au mbegu zilizobaki zichukuliwe pamoja naye, kwani daktari akiuona mmea ataokoa muda mwingi.

Zoezi

Wanafunzi wa madarasa ya juu wafanye hesabu hii. Katika vichupa vya 10 hakufa uduvi hata mmoja kati ya 30, katika vya 100 wamekufa 6, katika vya 1000 wamekufa 24, na katika vichupa vya ushahidi wote wako hai. Tafuta kiwango kinachoua nusu kwa kutumia mchoro wa sentimita 6 tulioueleza (nusu ya nafasi ni kuzidisha kwa 3.16). Kisha eleza kwa maneno yako: je, kiini hiki ni kikali kuliko cha mfano wetu, au ni dhaifu kuliko hicho? Mwisho, mwulize bibi au babu yako jina la mmea mmoja anaoutumia kama dawa, sehemu inayotumika na kipimo chake, uandike kama alivyosema bila kuongeza lako. Daftari ziletwe kwa mwalimu wa darasa kabla ya mitihani, inshaallah.